Kompyuta ya Mradi Paje: Itengenezwe, Iongezwe Nguvu au Inunuliwe Nyingine?



Kamati zetu na wafadhili huuliza mara kwa mara: kompyuta ya mradi ikichakaa, tufanyeje? Safari hii swali limetoka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kompyuta mpakato inayotunza hesabu za akiba na kilo za mwani za akina mama huchelewa sana kuwaka, na betri yake haimalizi nusu saa. Wapo walioshauri inunuliwe mpya. Kabla ya fedha kuidhinishwa, tunapenda kueleza namna ya kuamua.

Kwanza, kumbukumbu zote zinakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Kompyuta hununuliwa tena, lakini hesabu ya akiba ya mama aliyeshinda majini msimu mzima haina duka. Kazi hii ifanyike kabla ya kumwita fundi.

Pili, ujulikane ugonjwa wenyewe, kwa maana umri peke yake si ugonjwa.

Kutengeneza: Betri, chaja, feni na kibodi ni vipuri vya kubadilisha. Betri iliyovimba iondolewe mara moja, inaweza kushika moto.

Kuongeza nguvu: Mashine ikiwa nzima lakini nzito, mara nyingi chanzo ni diski ya zamani inayozunguka. Diski ya SSD haizunguki, hivyo husoma haraka zaidi na huvumilia mtikiso wa safari. RAM ya GB 4 ikifikishwa GB 8, kazi huwa nyepesi. Ila katika baadhi ya mashine nyembamba RAM imechomelewa moja kwa moja. Fundi athibitishe kabla ya kununua.

Kununua nyingine: Upepo wa Paje hubeba chumvi na mchanga. Feni huvivuta ndani, chumvi hushika unyevu, na ubao mkuu huliwa na kutu. Ubao ukishafikia hapo, matengenezo hayadumu.

Tatu, programu zitazamwe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Hata hivyo, kwa barua na majedwali ya hesabu, Linux na LibreOffice hutosha, tena ni bure.

Nne, gharama ipimwe. Sisi hufuata kanuni hii: vipuri na ufundi vikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyo nzuri, ni heri kununua.

Umeme nao usisahauliwe. Unguja hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa hiyo betri nzima si anasa.

Fundi ameikagua mashine ya Paje na kukuta ubao ni safi. Tumependekeza SSD, betri mpya na Linux, ambavyo kwa jumla havifiki nusu ya bei ya mashine nyingine. Fedha itakayookolewa ibaki kwa kamba na vigingi vya mwani, na kompyuta ifunikwe kila jioni.

Kwa wafadhili wanaopenda kutuma kompyuta zilizotumika: tafadhali tuulizeni kwanza. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mashine isiyo na chaja wala vipuri huwa mzigo kwa anayeipokea.

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Kamati zifanye vivyo hivyo, ili sadaka ya wengi ifike kwa waliokusudiwa.

Mungu awabariki.