Pimeni Mahindi kwa Chumvi

Mavuno yakiisha, baba na mama wa nyumba hutaka kujaza ghala upesi. Lakini ngojeni kidogo! Mahindi mabichi yakitiwa ghalani huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu, watoto wakiwamo. Wala kupika hakuiondoi.

Basi, yaanikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Yageuzeni mara kwa mara, na jioni yafunikeni.

Kisha pimeni hivi: twaeni chupa kavu, tieni chumvi kavu kidogo, na mahindi hata robo ya chupa. Fungeni, tikiseni sana, mwache robo saa. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi hayajakauka, yarudisheni juani. Isiposhikamana, yaongezeeni siku moja ya jua, ndipo myatie magunia. Yenye ukungu msile, wala msiwape mifugo.

Yosefu aliiokoa Misri na njaa kwa kuweka akiba njema. Nasi tuwawekee watoto wetu chakula, si sumu.