Ikisiri Mbele ya Baraza (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliuchambua wito wa ikisiri: mada kuu, mada ndogo, na ile tarehe ya mwisho ambayo wengi wetu huichukulia kama pendekezo tu. Leo tuseme umeshaandika maneno yako 300 na kidole kiko tayari kutuma. Usitume bado.

Makongamano yetu yana misimu yake. Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wito huwa mwingi kabla ya siku hiyo. Kule Bayreuth, Ujerumani, wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana tangu miaka ya 1980. Mara nyingi ikisiri husomwa na watu usiowajua, jina lako likiwa limefichwa, na majibu huwa mafupi. Mimi niliwahi kujibiwa kwa maneno matatu: "Mada pana mno." Ilikuwa kweli tupu, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwenzangu yeyote angeniambia hivyohivyo wiki tatu kabla, kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Ndiyo sababu siku hizi tuna kijiwe. Tuko watano, tunakutana Jumamosi karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Safari moja mwanafunzi wa uzamili alituletea ikisiri yenye kichwa "Nafasi ya Kiswahili katika Sekta ya Uvuvi Tanzania".

"Sekta yote?" akaulizwa. "Kuanzia Ziwa Victoria hadi Mtwara, kwa dakika 20?"

Akacheka kwa aibu. Tukamuuliza data ameitoa wapi. Kumbe alikuwa amerekodi mnada hapohapo Feri, asubuhi sita mfululizo! Jambo hilo alilitaja katika sentensi ya mwisho, kama mtu anayeomba radhi. Sentensi tano za mwanzo zilikuwa historia ya Kiswahili, ambayo kila atakayekuwamo ukumbini anaijua. Tulizikata zote, naye akatutazama kana kwamba tunamnyoa bila maji.

Lililotushinda sisi wasomi aliligundua mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa amekaa na kahawa yake akitusikiliza. Kijana alikuwa ameandika changu kama jina la samaki mmoja. "Changu yupi, mwanangu?" mama akadakia. "Mbona wako wengi?" Na kweli, jina hilo hubeba aina kadhaa za samaki wa jenasi ya Lethrinus. Sasa mnadani, bei zikipandishwa harakaharaka, muuzaji na mnunuzi wanajuaje kwamba wanamzungumzia changu yuleyule? Hapo ndipo swali la utafiti lilipozaliwa.

Kijiweni tuna masharti mawili. Kwanza, mdogo hutangulia kusema. Profesa akitangulia, wengine hubaki kuitikia tu, na heshima yetu nzuri ikageuka kizibo. Pili, haturuhusu "imekaa vizuri" bila kuonyesha sentensi gani na kwa nini. Wapo wanaoogopa kuibiwa mada, na siwabezi; visa hivyo vipo. Dawa yangu ni kuonyesha rasimu yenye tarehe mbele ya watu kadhaa, maana wote hao ni mashahidi.

Wala si kila ushauri ni wa kufuata. Mmoja wetu alishikilia kwamba kijana aongeze nadharia fulani iliyokuwa ikivuma mwaka ule. Aliikataa, akaeleza kwamba data yake haiihitaji. Nilimpenda zaidi kwa kukataa kule kuliko kwa yote aliyoyakubali.

Kichwa kipya kikawa "Changu Yupi? Majina ya Samaki na Uelewano Mnadani Feri". Alipomsomea yule mama, mama akauliza kama jina lake nalo litaandikwa. Tukabishana hadi kahawa ikapoa, maana ikisiri haina nafasi ya shukrani.

Itaendelea wiki ijayo: ikisiri imekubaliwa, na dakika zako ni 20.