Sista wa zamu akimtuma mtu, kosa likitokea ni la nani?

Leo tuingie wadini kidogo. Najua wengi mnaopita hapa mmemaliza fomu foo na mnapiga hesabu za chuo cha uuguzi. Na wewe usiye na mpango huo, siku moja utakuwa na mama au bibi kitandani pale, kwa hiyo usifunge ukurasa.

Wakubwa mnakumbuka Novemba 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kama ulikuwa mdogo, uliza nyumbani. Vijana wawili, wote jina la kwanza Emmanuel, mmoja wa kupasuliwa goti na mwingine kichwa. Wakabadilishwa! Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa akafariki. Nchi nzima ilichachamaa.

Halafu mwaka 2018 yakatokea Nairobi, Hospitali ya Kenyatta. Mgonjwa asiyehitaji upasuaji akafunguliwa kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Lebo za majina zilichanganywa. Madaktari waligundua baada ya saa kadhaa, pale walipoitafuta hiyo damu wasiione. Waliosimamishwa kazi ni daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa wadi na muuguzi anayepokea wagonjwa chumba cha upasuaji.

Angalieni hiyo orodha tena. Wawili kati ya wanne ni wauguzi. Mtaani tunamwangalia daktari tu kwa sababu ndiye mwenye kisu, lakini mgonjwa kabla hajafika kwake ameshapita mikononi mwa watu kibao. Kila mmoja akiamini kwamba wa nyuma yake ameshahakikisha, basi hakuna aliyehakikisha. Ndiyo maana mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji: kabla ya usingizi, kabla ya kuchana na kabla ya mgonjwa kutolewa, watu wanasimama na kusema kwa sauti huyu ni nani na anafanyiwa nini. Inaonekana kama mambo ya shule ya msingi, ila inaokoa.

Sasa hiyo ishu ya kutumana. Sista kiongozi wa zamu hawezi kufanya kila kitu mwenyewe, tusidanganyane. Ana muuguzi mpya, ana wanafunzi, ana wahudumu wa afya. Lazima agawe kazi. Kutandika vitanda, kuogesha, kumlisha mgonjwa anayemeza vizuri, kupima joto la mtu ambaye hali yake imetulia... hizo mhudumu aliyefundishwa anazimudu. Lakini kumtathmini mgonjwa aliyetoka kupasuliwa sasa hivi, kuanzisha dawa ya mshipa, kuamua kama mama aliyejifungua anatoka damu nyingi kupita kiasi, hapo panataka muuguzi mwenye leseni. Tanzania uuguzi una sheria yake ya mwaka 2010 na baraza linalosajili, siyo kazi ya yeyote aliyevaa koti jeupe.

Na hata kazi inayogawika, namna ya kutuma ndiyo inatofautisha kiongozi na bosi. "Nenda kapime presha kule" siyo maelekezo. Maelekezo ni hivi: "Mpime mama wa kitanda cha 6 sasa hivi. Namba ya juu ikiwa chini ya 90 niite hapo hapo, usisubiri kumaliza wengine." Halafu sista anafuatilia, anauliza imekuwa ngapi. Aliyetumwa anajibu kwa alichofanya, sawa, lakini aliyetuma bado anajibu kwa kumchagua mtu huyo na kwa kutofuatilia. Kusema "nilimtuma fulani" hakumtoi mtu kwenye kesi!

Kwenye dawa ndiyo pa kuogopa zaidi. Chuoni utaimbishwa mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Unaweza kuona ni wimbo tu mpaka ukutane na insulini. Kichupa cha kawaida kina yuniti 100 kwenye mililita 1. Mgonjwa ameandikiwa yuniti 10, yaani sehemu moja ya kumi ya mililita. Ndiyo maana ina bomba lake la sindano lenye alama za yuniti. Mtu akiandika 10 akafuatisha herufi U vibaya, mwingine anasoma 100, sukari inashuka mpaka mgonjwa anapoteza fahamu. Andika neno zima, basi.

Kloridi ya potasiamu ndiyo balaa kabisa. Ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchanganywa kwenye dripu, moyo unasimama. Digoksini ya wagonjwa wa moyo, unahesabu mapigo dakika nzima kwanza. Mtu mzima akiwa chini ya 60, unaizuia na kumwambia daktari. Magnesiamu ya kifafa cha mimba, kabla ya kurudia dozi unaangalia kama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo unatoka. Kalsiamu glukoneti iwe karibu, ndiyo inayoipinga sumu yake. Hakuna hata moja hapo ya kumtuma mhudumu "kamalizie".

Ndugu wa mgonjwa nanyi mna sehemu yenu. Mnaingia na Panadol mfukoni mnampa kimya kimya, kumbe sista ameshampa paracetamol saa moja iliyopita. Mtu mzima mwisho gramu 4 kwa siku, vidonge 8 vya miligramu 500, na zikizidi ni ini linaumia. Sista akija na sindano akauliza "wewe ndiye Emmanuel?", msiitikie tu. Taja majina yote, uliza dawa gani na ya nini. Akinuna, anune.

Wauguzi mnaosoma hapa, zamu ya usiku mnakuwa wangapi kwa wagonjwa wangapi? Tiririkeni hapo chini, majina si lazima.