Besiboli Marekani: Nani atashika rimoti baada ya 2028?

HEBU chukulia wewe ni kijana wa jimbo la Iowa, Marekani, na unapenda besiboli kufa kupona. Jimbo lako halina hata timu moja ya Ligi Kuu ya Besiboli (MLB). Unalipia huduma ya ligi hiyo ya kutazama mechi mtandaoni. Ukifungua, timu 6 zimefungwa: Cubs, White Sox, Cardinals, Brewers, Royals na Twins. Kisa? Zote zinahesabiwa kuwa za "nyumbani" kwako, na haki za kuonyesha mechi zao zimeuzwa kwa stesheni za kebo. Umelipa, lakini huoni kitu.

Hivyo ndivyo mashabiki wa Iowa walivyoishi kwa miaka mingi. Ukitaka kujua walifikaje hapo, fuata pesa.

MLB ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida. Piga hesabu, utapata mechi 2,430. Hakuna stesheni moja ya kitaifa inayoweza kubeba mzigo huo. Kwa hivyo kila timu iliachiwa iuze sehemu kubwa ya mechi zake kwa stesheni za eneo lake. Ada ya stesheni hizo ikaingizwa kwenye bili ya kebo. Yaani hata nyanya asiyejua besiboli ni mnyama gani alikuwa akichangia mshahara wa mchezaji, tena bila kuulizwa.

Mkwanja ulimiminika kweli. Mnamo 2013, Los Angeles Dodgers walipata mkataba wa miaka 25 wenye thamani ya dola bilioni 8.35. Stesheni yao ilipoanza 2014, kampuni nyingine za kebo na setilaiti ziliona bei ni kali zikakataa kuibeba. Nyumba nyingi za Los Angeles zilikaa hadi 2020 bila kuona timu ya mji wao. Timu ilikula, shabiki akalala njaa.

Kisha vijana wenzako wa huko wakaanza kukata kebo na kuhamia mtandaoni. Mnamo 2011, ESPN ilikuwa katika nyumba takriban milioni 100. Kufikia 2024, zilikuwa chini ya milioni 70. Nyanya naye akaacha kuchangia.

Machi 2023, kampuni ya Diamond Sports Group, iliyokuwa ikionyesha mechi za timu 14 za MLB, ilikimbilia mahakama ya ufilisi ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 8. Mwezi Mei, ligi yenyewe ililazimika kuanza kuonyesha mechi za San Diego Padres, na Julai ikachukua za Arizona Diamondbacks. Hapo shabiki akapata afueni: kijana wa San Diego angeweza kulipa dola 19.99 kwa mwezi na kuitazama timu yake mtandaoni bila kufungiwa.

Usishangilie mapema, lakini. Haki za kitaifa nazo zimetawanyika kama mahindi ya kuku. Apple ilichukua mechi za Ijumaa kuanzia 2022. Februari 2025, ESPN na MLB zilikubaliana kuvunja mkataba wa dola milioni 550 kwa mwaka. Novemba mwaka huo ikatangazwa mikataba mipya ya misimu mitatu: NBC ikapewa Jumapili usiku, Netflix mechi ya ufunguzi na shindano la kupiga hom rani, nayo ESPN ikarudi na kupewa ile huduma ya mtandaoni ya MLB. Fox na TBS bado wamo. Shabiki anayetaka kuona kila kitu sasa analipa huku na kule.

Mikataba hiyo yote ya kitaifa inaisha 2028. Kamishna wa ligi, Rob Manfred, anataka baada ya hapo haki zote, hata zile za maeneo, ziwekwe kapu moja na kuuzwa pamoja. Ligi ya NFL hufanya hivyo na timu zake hugawana sawa kwa sawa.

Ila nani atawashawishi Dodgers wenye mabilioni yao? Au Yankees, walio na hisa katika stesheni ya YES inayoonyesha mechi zao? Pengo si dogo. Desemba 2024, New York Mets walimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765. Timu ya mji mdogo ambayo stesheni yake imefilisika itatoa wapi hela kama hizo?

Wewe unayetafuta king'amuzi cha kutazamia soka unalijua hili vizuri: mwenye haki ndiye anayeamua utaona nini, na kwa bei gani. Sasa jiulize. Ungekuwa mmiliki wa Dodgers, ungekubali kugawana?