Haja Isiyo na Mkojo: Nafasi ya Wasiwasi na Mazoea katika Kukojoa Mara kwa Mara

Abiria anayetoka Newala kwenda Masasi huweza kwenda haja ndogo nyumbani, akarudia stendi, na gari linapowashwa akahisi kubanwa kwa mara ya tatu. Safari hiyo ya tatu hutoka matone machache. Kibofu hakikuwa kimejaa.

Kibofu cha mtu mzima huhifadhi takriban mililita 300 hadi 500 za mkojo, na dalili ya kwanza ya haja husikika kikiwa na mililita 150 hadi 200 hivi. Tangu hapo uamuzi ni wa ubongo. Mwaka 1925 daktari Mwingereza Frederick Barrington, kwa kuchunguza paka, alionesha kuwa katika shina la ubongo pana kituo kinachotawala utoaji wa mkojo. Kwa binadamu, sehemu ya mbele ya ubongo hukizuia kituo hicho hadi mahali na wakati vitakapofaa. Hofu ipandapo, kizuizi hulegea na umakini wote huelekea mwilini, hata ishara ndogo ya kibofu ikaonekana kuwa ya dharura. Hali hiyo humpata mtahiniwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, na humpata mkulima anayesubiri bei ya korosho mnadani.

Kichochezi kingine ni mazoea, nayo ni magumu zaidi kuyang'amua kwa kuwa hayaambatani na hofu yoyote. Ubongo huifunganisha haja na jambo lililozoea kuandamana nayo: ufunguo kitasani, mlango wa choo, mlio wa maji yakiingia ndooni. Anayekojoa kila mara "kwa tahadhari" hukifundisha kibofu kudai kabla hakijajaa.

Madhara makubwa hutokana na tiba ambayo wengi hujiandikia wenyewe, yaani kuacha kunywa maji. Katika uwanda wa Makonde, ambako juu hakuna mito na vizazi vya wanawake vimeteremka mabondeni kuchota maji, kujinyima huko huonekana hata kuwa busara. Kumbe mkojo mzito huweza kukiwasha kibofu na kuzidisha haja, na ukosefu wa maji wa muda mrefu huongeza hatari ya mawe ya figo.

Usingizi husaidia kupambanua. Haja ya wasiwasi kwa kawaida hutulia mtu alalapo. Inayomwamsha mara kadhaa kila usiku yahitaji vipimo. Kisukari huleta mkojo mwingi pamoja na kiu, maambukizi huleta maumivu, na mkojo wenye damu waweza kuwa kichocho. Ujauzito na tezi dume navyo visisahaulike. Si haki kumwambia mgonjwa kuwa ana wasiwasi tu kabla mkojo na sukari yake havijapimwa.

Vipimo vikiwa safi, kibofu hufundishwa upya. Mgonjwa huandika kwa siku tatu saa na kiasi cha kila mkojo, kisha huchelewesha haja kwa dakika 15 zaidi ya muda aliouzoea, akiongeza polepole wiki hadi wiki mpaka afikie saa tatu au nne. Haja ikimjia ghafla, asikimbilie chooni: akae, akaze misuli ya nyonga mara kadhaa, avute pumzi taratibu, asubiri wimbi lipite, ndipo aende kwa mwendo wa kawaida.