Fidia ya Mtumwa

Mwaka 1846 rafiki Waingereza walitoa pauni 150 kumkomboa Frederick Douglass, mtumwa aliyemtoroka bwana wake huko Marekani. Baadhi ya wapinga utumwa wenziwe wakanung'unika: kulipa ni kukiri ya kuwa mtu ni mali. William Lloyd Garrison akamtetea.

Nasi wa Laela neno hili latuhusu. Kule Karema, kando ya ziwa, Mapadre Weupe walikomboa watoto kwa mali. Kweli, mwuzaji apataye bei aweza kurudi kuteka wengine. Hoja hiyo siikani. Lakini Adrian Atiman naye alikombolewa utotoni, huko Sahara, akasomea uganga Malta, akawatibu watu wa Karema tangu 1889 hata alipofariki 1956. Mtoto aliyefungwa kamba angengojaje sheria? Ile ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922.