Kuni za Moshi: Uteuzi wa Miti ya Kubanikia katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Makala haya yanaeleza jinsi miti inavyoteuliwa kwa ajili ya kubanika samaki na nyama katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni na Vanga, kaunti ya Kwale. Mada hii huenda ikaonekana kuwa ya jikoni kuliko ya darasani. Hata hivyo, maarifa yenyewe yamehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili, na pale majina ya miti yanaposahaulika, uwezo wa kuchagua nao hupotea.

Ni vyema kuanza na vitenzi, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba tofauti za kazi. Kuchoma ni kuweka chakula kwenye moto mkali au makaa mpaka kiive. Kubanika kunahitaji subira zaidi: samaki huwekwa mbali kidogo na moto mdogo, akaiva, akakauka na kupata moshi kwa wakati mmoja. Yamkini kitenzi hiki kina nasaba na bana, kwani samaki hubanwa katika ubano, yaani kijiti kilichopasuliwa, ambacho huchomekwa kando ya moto. Wakiwa wengi hupangwa juu ya chanja, jukwaa la fito lililoinuliwa. Kufukiza nako, japo ni kazi ya moshi vilevile, kumebaki katika udi na ubani. Anayedai kuwa amemfukiza samaki huenda akachekwa sokoni.

Ikumbukwe kwamba moshi si njia kuu ya kuhifadhi samaki katika pwani hii. Jua ndilo lenye kazi hiyo, na samaki aliyepasuliwa na kuanikwa huitwa ng'onda. Wanawake wanaofahamika kama mama karanga nao hununua samaki ufukweni na kuwakaanga kwa mafuta. Moshi hutakikana jua linapokosekana. Wakati wa masika, mawingu yanapotanda kwa siku kadhaa, samaki aliyeanikwa huoza badala ya kukauka, na asiye na barafu hana budi kurudi kwenye moto. Kwa mchuuzi wa aina hiyo, kuni mbaya si kero ya ladha tu; ni mtaji uliopotea.

Ubora wa ukuni hutokana na yaliyomo ndani yake. Mti umejengwa hasa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Lignini inapoungua kwa hewa haba hutoa fenoli, na hizi ndizo zinazompa samaki harufu yake, kuzuia mafuta yake yasiharibike upesi na kudhoofisha bakteria. Selulosi na hemiselulosi huchangia zaidi ile rangi ya hudhurungi. Kazi kubwa ya kuhifadhi, hata hivyo, hufanywa na joto linaloondoa maji, pamoja na chumvi. Kwa hiyo hutafutwa mti mgumu, mzito, usio na ulimbo, uliokauka bila kuoza. Ukuni mbichi hutoa mvuke na masizi, samaki akawa mweusi nje na maji ndani. Wala moshi mwingi si sifa, kwani moshi mzito hubeba hidrokaboni ambazo baadhi yake husababisha saratani, na mafuta yanayodondokea motoni huziongeza.

Kwa vigezo hivyo, mkoko ungeshinda karibu miti yote ya ufukweni. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na Kiswahili kimezipa majina yanayojitegemea: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi na nyinginezo. Kila jina lina kazi nyuma yake. Fundi wa mashua huutafuta mlilana kwa ajili ya mataruma. Gamba la mkandaa lina tanini nyingi, ndiyo maana limetumika katika kutengeneza ngozi na kutia rangi. Mkoko na mkandaa hutoa boriti, na pia kuni nzito ziwakazo polepole kwa joto la kudumu. Wabanikaji wa Afrika Magharibi, kuanzia Gambia hadi Kameruni, nao hupendelea jamii hiyohiyo ya mkoko. Anayeiita miti yote tisa "mikoko" tu, kama ilivyo kawaida siku hizi, hajakosea sarufi, lakini amejinyima maarifa yote hayo.

Hapo ndipo mkoko unapoalika maua, kama wasemavyo Waswahili. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na mtu haruhusiwi kuikata bila kibali. Huko Gazi, katika miaka ya 1970, mikoko ilikatwa kwa wingi ili kulisha matanuri ya chokaa na matofali, na baadhi ya sehemu zikabaki uwanda mtupu hadi zilipoanza kupandwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samaki wengi hukulia katika mizizi ya msitu huo. Basi kuni bora kuliko zote zinatoka mahali palepale anapotoka samaki anayebanikwa.

Mbadala ulio karibu zaidi ni mnazi, na hapa pia lugha imeugawa mti kipande kwa kipande. Kifuu huwaka kwa joto kali na kutoa makaa safi. Makumbi hufuka kwa muda mrefu bila ndimi kubwa. Karara na makuti makavu huwaka upesi, hivyo hufaa kuwashia tu. Mbanikaji akianza kwa vifuu humwivisha samaki, kisha akitia makumbi hupata moshi. Utaratibu huu si mgeni, kwani mbata nazo, hasa Unguja na Pemba, zimekaushwa juu ya chanja kwa moto wa makumbi na vifuu. Isitoshe, hakuna mti unaoangushwa.

Mvinje, unaopamba fukwe za Diani na Tiwi, mara nyingi hudhaniwa kuwa msonobari kwa sababu ya vitawi vyake vyembamba kama sindano. Sivyo. Msonobari una ulimbo unaoleta masizi machungu. Mvinje ni mti mgumu usio na kasoro hiyo, na huwaka vizuri hata kabla haujakauka sawasawa. Wakulima wa pwani huupanda kwa ajili ya nguzo na kuuvuna baada ya miaka michache, matawi yakabaki kuwa kuni.

Mkwaju na mpera pia hutoa kuni nzuri, ila ni nani atakayeukata mkwaju unaozaa? Matawi yaliyopogolewa yanatosha. Mwembe una utomvu unaowasha, kwa hiyo sharti ukauke kabisa. Mkorosho ni ndugu yake, na kaka za korosho zina mafuta makali yanayounguza ngozi. Zikitupwa chini ya chanja, moshi wake huwasha macho na koo. Moshi wa mwarobaini uachiwe mbu. Mnyaa, wenye utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya, si kuni hata kidogo, wala mbao za mashua kuukuu zilizopakwa rangi. Ajabu ni kwamba mathenge, mti ulioletwa Bamburi mwaka 1973 na ambao sasa unalaaniwa katika maeneo makavu ya Kenya, ni wa jenasi moja na mti unaothaminiwa mno na wachoma nyama wa Texas.

Kuna pia miti isiyoulizwa ubora wake. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, hairuhusiwi kuondoka hata na kijiti.

Mikokoni, katazo peke yake halikutosha, kwa kuwa aliyekatazwa bado ana chungu mekoni. Mradi wa Mikoko Pamoja, uliozinduliwa Gazi mwaka 2013 na unaolinda hekta 117 za mikoko kwa mapato ya hewa ya ukaa, ulilitambua hilo. Pamoja na kulinda msitu, mradi umepanda mivinje nchi kavu ili nguzo na kuni zipatikane bila mtu kuingia mikokoni.